Buluu ya Saa Nne

Milembe alikuja na mfuko wa dagaa, hakuja na picha.
Akawamwaga mezani, wengine wakaingia kwenye kibodi.
Lebo yangu, alisema, iwe na maji yale,
akanyoosha kidole dirishani, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Rufiji,
ambapo ziwa hujitokeza kipande tu
kati ya tangi la maji na bango la simu.
Si maji ya alfajiri. Ya saa nne.

Nikayatafuta. Nikavuta kishale, nikakirudisha,
mpaka akanishika bega: hapo, usiguse tena.
Ilikuwa buluu ya kumliza mtu.
Hata dagaa niliowachora walionekana wana pumzi.
Akalipa nusu, akashuka ngazi akihesabu kwa sauti.

Alhamisi Bwire akapiga simu kutoka mashineni, Mabatini:
"Njoo uone zambarau yako."

Lebo elfu mbili, wino haujakauka,
zambarau iliyoiva, ya joho la padri.
Nikasema, mimi nilikuletea buluu.
Akajifuta mikono, siani imemfika viwiko:
"Uliniletea taa."

Nililala na neno hilo.
Skrini ina jua lake mgongoni.
Karatasi haina kitu, inakopa mwanga wa chumba ilimo,
na chumba cha Bwire kina tyubu moja
inayopepesa kama mlinzi wa zamu ya usiku.

Milembe alizitazama, akavuta mdomo.
"Mwanangu, mimi nauza dagaa. Siuzi Kwaresima."
Kisha akanyamaza, akafungua kipochi, akafunga.
"Jumatano ya Majivu ni lini?"
Tukahesabu kwenye kalenda ya ukutani: siku kumi na mbili.
Akazibeba zote, kwa nusu ya bei,
na bado alitaka buluu yake.

Basi nikapunguza mwanga wa skrini
mpaka nyeupe yake ikachoka, ikafanana na karatasi,
na kila kitu nilichowahi kujisifia kikafifia nacho.
Nikapunguza majenta. Tisini. Themanini. Sabini.
Kila hatua Bwire alinitolea karatasi moja, akinung'unika,
nami nikaipeleka nje, maana tyubu ile ina maneno yake.
Nilizianika kwenye kamba ya roshani kwa vibanio vya nguo.
Kokushubila wa cherehani, mlango wa pili,
aliuliza ni bendera za chama gani.

Kwenye hamsini na tano zambarau ilikata tamaa, ikaondoka.
Iliyobaki ni buluu, ila si ile.
Ile haimo katika makopo manne ya Bwire,
hata ukiyachanganya hadi Krismasi.
Hii ilikuwa nzito, na kimya,
ziwa lenye wingu upande wa Kamanga.

Milembe hakuitazama skrini kabisa.
Aliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha,
akafumba jicho moja, akakaa hivyo
mpaka mimi nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.
Ilikuwa saa tisa. Nje maji yalikuwa ya kijivu,
na magugu maji yameleta kijani chao hadi gatini.
"Leo ziwa ndilo lililokosea," alisema,
akatia sahihi.

Baada ya Pasaka akaja kijana wake, Nkwabi,
kofia mkononi, harufu ya mwalo wa Kirumba nguoni.
Mama anataka lebo elfu tatu.
Za buluu?
Hapana. Wateja wa Geita wanasema dagaa halisi
ni wale wa zambarau, hawa wengine wameigwa.

Faili la zambarau halikuwahi kuwepo.
Nikaiwasha skrini, nikaanza kuitafuta rangi
ambayo sikuwahi kuichagua,
simu masikioni, na Bwire huko mashineni akiniambia
polepole, kama anamwelekeza mgeni njia:
"Sikiliza. Safari hii usiniletee taa."