Kindi Hewani

Ukurasa wa kumi na nne, kifungu cha tatu:
hakuna mnara, hakuna mlingoti,
hakuna kitakachosimama juu ya paa
ila bomba la moshi, na bendera siku za sikukuu.
Nilikisoma mara mbili, miwani puani,
kama baba anayesoma barua ya posa,
natafuta upenyo.
Neno waya halimo.

Nikangoja Jumanne, usiku wa kamati,
Bi Marlys Vondracek akiwa ukumbini, kitini pa mwenyekiti,
na daftari lake la makosa:
ua la nani limezidi kimo, pipa la nani limelala nje.
Omaha ilikuwa na baridi ya kukata masikio.
Nikatoa kombeo nililomnyang'anya mwanangu
akiwa na miaka tisa (sasa ana upara),
nikafunga mshipi kwenye chubwi,
nikalenga kilele cha mwaloni.

Chubwi la kwanza lilimkosa kindi kwa unywele.
La pili liliingia mfereji wa mvua wa jirani,
na humo limo hadi leo.
La tatu likavuka tawi, likashuka upande wa pili
polepole, kama buibui anayejua kazi yake.

Waya wenyewe mwembamba, uzi wa kushonea viatu unauzidi.
Nimeupaka kijivu, rangi ya mbingu ya Nebraska
kuanzia Novemba hadi mtu akate tamaa.
Mita ishirini, dirisha la bafu hadi mwaloni.
Mwenzake wa ardhini nikaufukia chini ya nyasi
kwa kisu cha mkate, nimepiga magoti gizani,
Corliss kanishikia tochi, kaufumbata mwanga,
vidole vyake vyekundu kama makaa.
"Miaka sitini na nane," akasema, "na bado unanyatia."
"Mulika hapa," nikamjibu.

Wati tano tu. Taa ya friji inazishinda.
Usiku wa kwanza, mchakarisho mtupu, mafuta kikaangoni.
Wa pili, vilevile.
Wa tatu, saa tano na robo,
akaniitikia Eliseo, Punta Arenas, kule nchi inakoishia:
upepo umeng'oa banda la kuku,
kuku wako jikoni, mke hasemi naye.
Dakika kumi na moja za nukta na vistari,
kisha akazama.
Nilikaa na kidole juu ya swichi, nimesahau kuizima.

Asubuhi, kengele ya mlango.
Bi Marlys, koti juu ya nguo ya kulalia,
kabeba taa ya kitandani, ile inayowaka ukiigusa,
waya wake unaburura kwenye theluji ya kwanza.
Corliss akanitazama. Nikatazama soksi zangu.

"Inajiwasha na kujizima tangu Jumanne.
Nilidhani ni macho. Nikadhani ni umeme.
Jana nikachukua kalamu."
Akafungua daftari, lilelile.
Chini ya *pipa la Hrabik, mara mbili*
ameandika, mwandiko ulionyooka:
ndefu fupi ndefu fupi,
ndefu ndefu fupi ndefu.
Ukurasa mzima.
"Inasema nini?"

Uongo nilikuwa nao, nimeukunja mfukoni tangu vuli.
"Inauliza kama yupo yeyote."
"Hilo tu?"
"Mara nyingi ni hilo tu."

Dirishani nyuma yangu kindi alikuwa akivuka ua,
mguu mbele ya mguu, mkia juu,
hana tawi, hana ukuta chini yake.
Bi Marlys akamfuata kwa macho hadi mwaloni.
"Kindi wako anatembea hewani."
"Ni hodari," nikasema.

Nikachukua pete nyeusi ya sumaku,
nikaizungushia waya wa taa mara saba.
Nikamweleza: sasa haitapepesa tena.
Akaigusa, ikawaka, ikatulia.
Aliitazama kwa muda, kama mgeni aliyekatizwa maneno.
Mlangoni akageuka.
"Pete hii," akauliza, "inavulika?"