Barakoa ya Bi Ghanima

Wageni hawaji tena Mkunazini.
Picha zangu nimezigeuza zitazame ukuta
kama watoto waliotiwa adabu.
Rangi ya buluu imekauka koponi,
na anayepita akikohoa
hutazamwa hadi akate kona.

Jana Khalfan kanambia, "Shangazi,
skuli wakifungua, bila ya barakoa hatuingii."
Nikaburura kasha la bibi, natafuta kanga iliyochoka.
Chini kabisa, baina ya udi na risiti za karafuu,
nikaikuta: nyeusi, imetariziwa nyuzi za dhahabu,
kijiti cha kati bado kimesimama, kinangoja pua.
Barakoa.
Kumbe neno lilikuwamo kashani siku zote,
na sisi tukilisikia redioni kama la juzi.

Bi Ghanima hakuivaa kwa maradhi.
Aliivaa asionwe na asiyemhusu,
au, alivyosema siku moja anacheka, tambuu shavuni,
"ili nione mimi, nisionwe."
Aliyeitarizi hakumtaja.
Niliposisitiza, akatema tambuu, akasema:
"Yule kwake uso wazi ulikuwa amri."
Hapo akaomba maji.

Nikairudisha. Sikuthubutu hata kuijaribu.
Nikaikata kanga, na maneno yakakatika nayo:
Khalfan kapata NYUMBA NJEMA,
mimi nikabaki na SI MLANGO mdomoni,
mimi niliyekula miaka kumi
kwa kuwauzia watu milango ya rangi.

Usiku kichochoro kizima kilinuka mchaichai,
kila nyumba na sufuria yake,
kila sufuria na watu wake chini ya shuka.

Ijumaa wamemzika Shaame wa kahawa.
Wamesema presha.
Na sisi tukasema presha.
Wiki mbili nyuma alituambia kila mtu aje na kikombe chake,
tukamcheka, tukamwita daktari.
Vikombe vyake vimo ndooni barazani,
vimefunikwa, hakuna anayevigusa.

Leo nimegeuza turubai moja tupu.
Milango naijua kwa moyo,
msumari kwa msumari, ua kwa ua, mnyororo wa pembeni.
Uso wa Shaame, miaka ishirini ya sabalkheri:
nimechora kofia, nimechora paji, nimechora macho,
nimefika puani,
sijui niteremke vipi.