Siku Nne za Desemba

Bi Ndahani ananigeuzia kikokotoo nijionee mwenyewe.
Kidole chake kina maganda ya karanga.
"Sikiliza, Mushagalusa. Asiye mkaazi
hukatwa kumi na tano kwa mia, panga moja, basi.
Mkaazi hupanda ngazi:
kidato cha kwanza bure, cha pili nafuu,
huko juu ndiko pumzi hukata."

Mshahara wangu umekaa pale pale
panga na ngazi vinapokaribia kugusana.
Nikiwa mkaazi nitazidisha elfu nane kwa mwezi.
Miezi sita: arobaini na nane elfu.
Sikujua kuwa neno nalo lina bei,
kama debe la uwele pale Majengo.

Tunafungua pasi, tunahesabu.
Muhuri wa Rusumo, kumi na tano Juni,
nimebeba begi la spana na jozi moja ya buti.
Kisha muhuri wa kutoka, Septemba.
Kisha wa kurudi.
Kati ya mihuri hiyo miwili kuna siku kumi na saba
na kaburi la mama, Bukavu, udongo mwekundu, mvua.
Bi Ndahani anazitoa kwenye hesabu kwa sauti ya chini.
Zinabaki mia na sabini na tisa.
Sheria inataka mia na themanini na tatu.

Siku nne.
Ningemlilia mama siku kumi na tatu tu
leo ningekuwa mkaazi.

"Mkataba unaisha leo," anasema.
"Basi la Kahama lipo alfajiri. Ukienda, umeokoa.
Ukibaki hadi mwaka ufe, nakuandika mkaazi.
Mimi nitajaza utakachoniambia, ila kiwe kweli."

Kweli ipi, dada?
Birika langu kule Nkuhungu limeota ukoko mweupe
wa maji ya hapa; chai isiyo na chumvi hiyo
siku hizi naiona imepooza.
Mama mwenye nyumba ananiambia mbukwenyi
na mdomo wangu unajibu kabla yangu.
Lakini nikisema "minataka nyanya"
muuzaji anacheka, anamwita mwenzake asikie,
na bei inapanda hapo hapo.
Hiyo nayo ni kodi. Haina fomu.

Na kuna kisima cha Bahi.
Mita mia na kumi, tumepita mwamba juzi,
maji yametoka na tope la rangi ya maziwa ya mgando.
Lazima yapigwe pampu usiku na mchana
mpaka mtu aone ukucha wake ndani ya glasi.
Siku tatu. Labda nne.
Kijana niliyemwachia mashine ana mikono mizuri
lakini bado anasikiliza injini kwa macho.

Kalamu ya ofisi imefungwa kamba kwenye mguu wa meza,
kamba fupi, inabidi uiname ndipo uandike.
Nje upepo unasukuma mfuko wa plastiki
ukutani, unaurudisha, unausukuma tena.

"Basi la alfajiri?" anauliza.
"Nani atafunga koki?" namjibu.

Anatazama kikokotoo, ananitazama.
Anafuta elfu arobaini na nane kwa kidole kile kile.
"Haya. Andika tarehe ya kuondoka."

Nainama.
Naacha pengo.