Kisiwa cha Kumi na Saba

Sanduku limefika Leiden saa nane usiku,
limejazwa barafu, limetiwa sahihi mara tatu.
Dereva hakuuliza kilichomo. Jorien hakumwambia.
Karatasi inasema tu: mwanamume, miaka hamsini na mmoja,
hakuvuta sigara.
Jina limepakwa wino mweusi.

Kongosho lake limekwisha kuyeyushwa, likachujwa,
vimebaki visiwa, vidogo kama vumbi la chumvi,
vikizama polepole katika maji ya waridi.
Mwenyewe amezikwa wapi, haijaandikwa.
Vyenyewe havijapata habari.
Ukivitilia sukari, vinaitika:
ndani ya kiini uzi unalegea, jeni inasomwa,
nakala inatoka mlangoni mbio mbio,
na insulini inamwagika
kwa mlo ambao hakuna aliyeula.

Lakini Jorien hatafuti insulini. Anatafuta mapacha.
Miezi minne anahesabu.
Kwenye seli elfu: sifuri.
Kwenye elfu nyingine: moja, labda, au ni doa la kioo.
Za mtoto mchanga hugawanyika, hujazana;
za mtu mzima zimekula yamini,
zimeshika kazi moja nusu karne, bila likizo,
na uzazi zimewaachia wengine.

Dawa mpya, matone matatu.
Siku ya tano, kisiwa cha kumi na saba,
kijani kinawaka. Kando yake, kijani kingine.
Kiti kinaanguka.
“Floris! Floris, njoo!”

Floris anakuja na mkate wa jibini mdomoni,
anainama kwenye hadubini, anatafuna, anaacha kutafuna.
Anageuza kichujio, kwenda kwenye nyekundu
ambako insulini hung'aa.

Giza.

Zimezaliwa mbili,
na hakuna inayoijua kazi ya mama.
Jeni ileile imo, herufi kwa herufi;
imefungwa kama kitabu kwenye nyumba ya wageni.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Sijui Waholanzi wanalisemaje hilo.
Floris alisema “Tja,” akamalizia mkate.

Jorien akakiinua kiti. Akaandika:
*Siku ya tano. Kijani: mbili. Nyekundu: hakuna.*
Hakuandika kwamba alifurahi, dakika nzima.
Kesho ataiondoa dawa, aone kama zitakumbuka.

Amezima taa. Ndani ya kabati la joto
visiwa vilivyobaki vinaendelea kumwandalia
mtu asiye na jina
chakula cha asubuhi.