Viti vya Chekechea

Tulitafuta pahala pasipo mnara wala msalaba,
tukapewa darasa la chekechea, Gungu,
saa tisa, watoto wakishaondoka.
Viti vilikuwa vyao.
Shehe Kitenge alikaa, magoti yakamfika kidevuni;
Mchungaji Ndabaniwe akakaa, kiti kikalia kwi!
Ukutani: B ya bata, CH ya chura.

Wanane tu. Wa tisa nilimkataa.
Wakizidi, nilisema, mtu huanza kuhubiri.

Saa nzima ikaliwa na kuku:
nani amchinje, kisu kielekee wapi,
nani atakula, nani atasema ameshiba.
Hadi Bi Sikudhani alipochoka:
“Kigoma hii, ndugu zangu, mnagombea kuku?
Dagaa hachinjwi na mtu.
Anatoka ziwani ameshajifia,
wala hakuuliza wavu ni wa nani.”
Nikaandika: dagaa, kilo mbili.

Kisha nikatoa swali nililokesha nalo.
Si Mungu ni nani;
hilo kila mmoja ana jibu lake mfukoni.
Niliuliza: jirani yako, umemficha nini?

Kimya. Mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara ikazima,
ikawaka tena.

Ndipo Mama Yolanda akasema, akimtazama yule bata:
“Sikudhani, miaka tisa ukuta wetu ni mmoja.
Kila Idd unaniletea sahani,
naipokea kwa mikono miwili, nasema ahsante,
nafunga mlango,
nammwagia mbwa.”

Hakuna aliyekohoa.

Bi Sikudhani alifunga kanga yake upya,
akaifungua, akaifunga.
“Nilijua,” akasema.
“Mbwa wako hunibwekea mwaka mzima
isipokuwa wiki ya Idd.”
Akanyamaza kidogo.
“Mwaka wa tatu nilitaka kuacha.
Nikamwonea aibu mbwa.”

Wiki iliyofuata walikuja watano.
Mchungaji alituma salamu: kiti kina msumari.
Shehe alikuja na mto wa kukalia.
Yolanda alileta sahani tatu za bati, za maua ya buluu,
zile ambazo hazikuwahi kurudi,
amezisugua kwa majivu hadi maua yamefifia.
Juu ya moja, dagaa.
Akaiweka mbele ya Bi Sikudhani
akabaki amesimama,
anautazama mkono.