Sababu za Kutaka Kukaa

Kibanda changu kiko hatua arobaini kutoka mlango wa Uhamiaji:
meza, kompyuta, printa inayotafuna karatasi,
na shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti.
Nimejaza fomu za watu hadi naota kwa herufi kubwa.

Leo kaja Tshibangu, fundi wa cherehani.
Pasi yake imebakiza siku sita.
Ameketi, kofia magotini,
vidole vinanuka mafuta ya mashine.
"Kavutha," asema, "nihesabie tena milango."

Namhesabia.
Mlango wa ajira wataka tajiri mwenye kampuni
aape kwamba hakuna mzawa aiwezaye kazi hii.
Tajiri wake ni Gikomba nzima,
na Gikomba haina karatasi yenye nembo.
Mlango wa mwekezaji wataka dola;
tumeucheka kidogo, tukaupita
kama watu wapitao dirisha la sonara.
Masomo? Ana miaka hamsini na miwili.
"Nisomee nini? Niliowafundisha ndio wenye vyeti."
Upo wa mwenye kipato asiyehitaji kufanya kazi.
Huo hata sikuueleza, nilikohoa.
Ukimbizi, akatikisa kichwa.
"Mi sikukimbia. Nilikuja kwa basi, na tiketi mkononi,
na cherehani moja toka Lubumbashi.
Nayo niliilipia kiti."

Mlango mmoja hatukuutaja.
Ulikaa mezani kati yetu kama kikombe cha tatu cha chai
ambacho hakuna aliyekiagiza.

Nikashuka hadi kisanduku cha kumi na moja:
SABABU ZA KUTAKA KUKAA NCHINI.
Mistari miwili.
"Andika," akasema, "kwamba nazijua kwa kikohozi.
Nikipita pale nimefumba macho
nasikia ya Mama Nyanchoka inakula uzi,
ya wale vijana wa jinzi mkanda unalia,
na ile ya mzee Warsame, ya mahema,
haiumwi, inataka tu mtu aiguse bega.
Andika kwamba batu banaamka asubuhi banauliza,
Tshibangu yuko wapi?
Miaka kumi na minne. Andika hiyo."

Nikahesabu herufi. Haziingii.
Nikaandika: KAZI YA UFUNDI.
Miaka kumi na minne ikabaki nje ya mstari
kama mtu aliyefungiwa geti.

HALI YA NDOA, kompyuta ikauliza, ikipepesa.
Nikasema bila kumtazama, nikipangusa kibodi ambayo haikuwa na vumbi:
"Iko njia fupi. Mimi nina kitambulisho.
Nina shangazi wawili wa kushuhudia. Ijumaa tu."

Nje, manyunyu. Kanjo wanamfukuza muuza njugu.
Akanyamaza hadi skrini ikazima yenyewe.

"Huo ruka," akasema.
"Si kwamba siuoni. Nauona toka mwaka juzi.
Ila siku nikibisha hapo sitaki niwe na bahasha kwapani.
Sitaki usiku ulale macho wazi
ukijiuliza nilimuoa nani, wewe au muhuri."

Nikabonyeza: HAJAOA.
Nikampiga picha. "Usicheke, hawataki meno."
Akacheka. Tukarudia mara tatu.
Fotokopi kumi na mbili, picha nne.
Punguzo alikataa, na chenji akaingoja yote.

Siku ya tano, saa tisa, karudi.
Muhuri wa zambarau: pasi ya muda, miezi mitatu, kisha aombe tena.
Hakusema kitu. Akapiga magoti chini ya meza yangu,
akaifungua printa kwa bisibisi,
akachomoa kipande kilichokwama toka Pasaka:
nusu ya jina la mtu,
nusu ya nchi.
Printa ikaguna, ikachapa.

"Siku tisini," nikasema.
"Tisini," akajibu, akifuta mikono.
"Lakini ya leo usiihesabu."