Raundi Saba Zilizobaki

Katika daftari la shehena, nyuma ya magunia ya kahawa
na mapipa ya lami yaliyofika yametoboka,
baba alichora ligi ya Yugoslavia.
Timu kumi na nane, mistari ya rula,
wino wa buluu wa bandari
ambao, kusema kweli, haukuwa wake.

Alikuwa karani wa kuhesabu, ghala namba saba, Kilindini.
Meli ya Rijeka ilipofunga kamba
mpishi wake, Zdravko,
baba alimwita Darafuko naye akaitika,
alimteremshia magazeti yanukayo kitunguu na dizeli,
habari za wiki tano, sita, zilizochacha njiani.
Baba hakujua hata neno. Lakini tarakimu ni tarakimu,
akisema, mbili kwa moja haina lugha.

Majina aliyaandika kama sikio lilivyopokea:
Haiduki. Velezhi. Patizani. Siloboda.
Zhelezinichari lilimshinda,
lilivuka mstari likaingia safu ya mabao.
Ushindi ulikuwa pointi mbili siku hizo.
Sare aliiwekea kiduara, kama punje ya mtama.

Moyo aliupa Velezhi.
Darafuko alimwambia ndiyo timu ya mji wenye daraja,
na mtu wa kisiwa hamdharau mwenye daraja.

Baada ya raundi ya ishirini na saba, meli haikuja.
Wala mwezi wa pili yake. Imebadilishiwa njia, walisema ofisini,
kwa sauti ile ile ya kusema gunia limepotea.
Haiduki juu, Velezhi nyuma kwa pointi moja,
na raundi saba tupu, zimeshapigiwa mistari.
Baba hakuwa mtu wa kufunga hesabu pungufu.

Jumamosi akatukusanya watoto wa nyumba za bandari
kwenye vumbi la Shimanzi, chini ya matangi ya mafuta.
Akaita majina kama mwalimu wa zamu.
Ngome na nduguze, Patizani.
Twalibu, Haiduki.
Caitano, mwana wa fundi cherehani, kipa wa Zivezida,
na wa Dinamo pia, maana makipa hawakutosha.
Mimi akanitia Olimpija, ya pili kutoka mkiani.
Nikalia.
“Hujalia bado,” akasema. “Ngoja raundi ya thelathini.”

Watano kwa watano, dakika kumi kumi,
saa ya baba mkononi, filimbi ya bandari shingoni.
Wiki saba. Masika yakatukuta katikati,
mpira ukakwama kwenye tope kama jino bovu.
Sarajevo ilifungwa nne bila:
nusu ya timu ilikuwa imeitwa chuoni.

Siku ya mwisho, Velezhi na Haiduki, sare, dakika ya tisa.
Mpira ukagonga mkono wa Mwachiro.
Sisi hatukuuona. Mwachiro mwenyewe
alikuwa ameshageuka, anakimbia.
Baba alisimama, filimbi mdomoni haijalia,
nikamwona akitazama chini
kama mtu aliyeangusha senti.
Kisha akapuliza.
Twalibu akaweka penalti kushoto.

Usiku ule chakula chake kilipoa.
Akajumlisha kwa wino mwekundu, akatia sahihi,
akagonga muhuri wa ghala: IMEHESABIWA.
Nami nikashuka daraja nikiwa na miaka tisa.

Nchi ile haipo tena. Matangi yapo.
Juzi simu ya mjukuu wangu ilinitolea
msimamo wa kweli wa mwaka ule.
Bingwa mwingine kabisa.
Olimpija haikushuka.

Nimekaa na daftari mpaka adhana ya alasiri,
aibu ya bure ya zaidi ya miaka arobaini
ikinicheka magotini.
Sikufuta kitu. Muhuri ule
ukiupitishia kidole, bado una makali.